Tevkelev na kiapo cha Khan Abulkhair: yanayosemwa na yaliyokuwa

Inasemwa kwamba mwaka 1731 Wakazakh, wafugaji wa nyika za Asia ya Kati, walijiunga na Urusi kwa kauli moja. Haikuwa hivyo, na shahidi wetu ni mkalimani aliyetumwa kwao na Urusi, Kutlu-Muhammad Tevkelev, aliyeandika shajara ya safari yake.

Aliyeomba ulinzi wa Malkia Anna wa Urusi mwaka 1730 alikuwa Abulkhair, khan (mtawala) wa Zhuz Ndogo, moja ya makundi makuu matatu ya Wakazakh. Wadzungar, jirani zao wa mashariki wa asili ya Kimongolia, walikuwa wakiwabana kwa vita, na yeye alitaka pia kuwazidi nguvu mahasimu wake wa ndani. Tevkelev alifika kambini kwake Oktoba 1731 akiwa na barua ya malkia, na huko ndiko alikopata habari mbaya: khan hakuwashirikisha wazee. Wao walidhani wametuma ujumbe wa kutafuta amani na jirani, si kujitia chini yake. Wengine walitaka mjumbe auawe.

Hapo ndipo dhana ya pili, kwamba mkalimani ni mdomo wa kukodi tu, inapoanguka. Tarehe 10 Oktoba Tevkelev alisimama mbele ya wazee waliokasirika, akajibu hoja zao mwenyewe, bila bosi wa kumtafsiria. Aliwaambia kuwa Urusi haina haja ya kuwabembeleza. Maneno mazito kwa mtu ambaye roho yake iko mikononi mwa anaosema nao! Abulkhair akaapa kwa Kurani, kisha Bokenbay, shujaa aliyeheshimika sana, kisha wengine kadhaa. Wengi hawakuapa. Tevkelev alibaki nyikani zaidi ya mwaka mmoja, akigawa zawadi na kushawishi mkubwa mmoja baada ya mwingine.

Halafu wapo wanaomwita Tevkelev Mrusi. Alikuwa Mtatari wa ukoo wa Kiislamu. Jina Aleksei Ivanovich lilikuja baadaye. Lugha yake ilikuwa jirani ya Kikazakh, kwa hiyo aliweza kuongea na khan faragha, wawili tu.

Wengine humpamba kama mtu wa amani. Wabashkir, Waislamu wa eneo la milima ya Ural, hawangekubali. Baadhi yao walikuwa wamemsaidia sana kupatana na Wakazakh, lakini walipoasi kupinga ujenzi wa Orenburg, ngome ya Urusi, Tevkelev, sasa kanali, aliongoza askari dhidi yao. Januari 1736 kijiji cha Seyantus kilichomwa moto, na watu wapatao 1,000 waliuawa.