Maana ya rifu katika roki nzito

Rifu ni kifungu kifupi cha noti, kwa kawaida cha gitaa, kinachorudiwarudiwa hadi kikawa msingi wa wimbo mzima. Si utangulizi, ingawa mara nyingi wimbo huanza nayo, wala si kiitikio, kwa kuwa haihitaji maneno. Katika roki nzito iliyochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, kupitia bendi kama Led Zeppelin, Deep Purple na Black Sabbath, mwimbaji na mpiga dramu hupanga kazi zao kwa kuizunguka rifu, na ndiyo maana mtu aweza kusahau mashairi yote ya wimbo lakini bado akaweza kuipiga mluzi rifu yake.

Msikilizaji aliyekulia kwenye muziki wa dansi ataielewa dhana hii upesi, maana sebene nayo hujengwa kwa vifungu vifupi vinavyorudiwa. Tofauti ni kwamba katika sebene magitaa hugawana kazi, kila moja likishika njia yake, ilhali katika roki nzito gitaa na besi mara nyingi hupiga noti zilezile kwa wakati mmoja, na uzito wa sauti hutokana na kuungana huko.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wimbo unaofungua albamu ya kwanza ya Black Sabbath, iliyotoka Februari 13, 1970. Rifu yake ina noti tatu tu: G, kisha G ya oktava ya juu (noti ileile, ila nyembamba zaidi), kisha C#, ambayo huangukia katikati kamili ya zile mbili, nusu toni sita kutoka kila upande (nusu toni ni hatua ndogo kabisa kati ya noti za gitaa), kwa hiyo sikio halipati pa kutulia. Inapigwa taratibu mno, na hofu yote ya wimbo huo imo humo kabla mwimbaji Ozzy Osbourne hajatamka neno.

Aliyeipiga, Tony Iommi wa Birmingham, anayetumia mkono wa kushoto, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ambao kwake ndio unaobana nyuzi, na mashine ya kiwandani akiwa na umri wa miaka 17. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akavivika ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba, na kufikia albamu ya mwaka 1971, Master of Reality, alikuwa amezilegeza nyuzi kwa nusu toni tatu katika baadhi ya nyimbo. Nyuzi zilizolegea hazikumuumiza sana, na papo hapo ziliishusha sauti ya gitaa chini kuliko ilivyozoeleka. Bendi nyingi zilizofuata za metali, muziki uliozaliwa na roki nzito, hulegeza nyuzi kwa hiari yao, vidole vyao vikiwa vizima.

Jambo jingine linaloibeba rifu ni mkwaruzo wa sauti, unaopatikana pale amplifaya, yaani kikuza sauti, inapolazimishwa kupita uwezo wake. Mkwaruzo huzalisha sauti nyingine juu ya noti iliyopigwa, na ukipiga kodi kamili, yaani noti kadhaa kwa pamoja, hugeuka kelele. Kwa hiyo wapigaji huacha noti ya tatu ya skeli, ile inayoipa kodi furaha au huzuni, wakabaki na ya kwanza na ya tano. Kodi hiyo haina furaha wala huzuni, ina nguvu tu. Kwa maoni yangu, ugunduzi huu mdogo una thamani kuliko solo nyingi ndefu za enzi ile, ambazo leo zinachosha.

Haifai, hata hivyo, kuzisifu bendi hizo kana kwamba zilianza na ukurasa mtupu. Zilichota kwa wingi kutoka kwenye bluzi ya Wamarekani weusi, na si kila mara zilitaja chanzo: mtunzi wa bluzi Willie Dixon aliishitaki Led Zeppelin mwaka 1985 kwa sababu ya wimbo Whole Lotta Love, na shauri likamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama.

Athari zao hazikuishia kwenye roki. Mwaka 1986 kundi la rap la Beastie Boys lilifungua albamu yake ya kwanza kwa dramu za John Bonham wa Led Zeppelin na gitaa la Iommi, na mwaka huohuo kundi jingine la rap, Run-DMC, likaurudia wimbo wa bendi ya roki Aerosmith, Walk This Way, pamoja na Aerosmith wenyewe. Zambia ilikuwa imetangulia: katika miaka ya 1970 bendi kama WITCH, Amanaz na Ngozi Family zilichanganya gitaa lenye mkwaruzo na midundo ya nyumbani, zikaunda muziki unaoitwa Zamrock. Mwaka 2024 rapa Tyler, the Creator aliuchukua wimbo mmoja wa Ngozi Family, ulioimbwa kwa Kinyanja, akaujenga ndani ya wimbo wake NOID, gitaa likiwa na mkwaruzo wake uleule.