Michoro ya Kolo haihitaji ndoo ya rangi

Juzi tena. Nimewapandisha wageni kutoka Dodoma mjini hadi Mungomi wa Kolo, kwenye miamba yenye michoro ya kale huko Kondoa, jasho halijakauka, mzee mmoja akaniambia: "Bwana Mambo ya Kale, picha zinafifia hizi. Mmeshindwa hata kununua ndoo ya rangi? Wenzetu nje wanakarabati." Kijana wake naye alishafungua chupa amwagie maji mwamba, mchoro uonekane vizuri kwenye simu. Nilimdaka mkono.

Maji kwanza. Mwamba una chumvi ndani yake. Ukiulowesha, chumvi inayeyuka, na maji yakikauka inabaki juu kama utando mweupe. Utando huo ukishashika, kuutoa bila kubandua na rangi ni kazi ngumu mno. Basi, msimwage maji.

Sasa hao "wenzetu". Wafaransa walifungua pango la Lascaux, lenye michoro ya kale kama yetu, kwa watalii mwaka 1948. Pumzi za watu, joto na taa vikaotesha mwani wa kijani ukutani, wakalifunga mwaka 1963. Hawakuchora upya. Walijenga nakala jirani, ikafunguliwa 1983, mtalii anaingia humo.

Hapo wageni huniuliza: mbona Wajapani hulijenga upya hekalu la Ise kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho 2013? Mbona watu wa Djenné, Mali, huukandika msikiti wao wa udongo kila mwaka? Swali zuri, ila mnalielekeza kusiko. Kule fundi yupo. Seremala wa Ise alifundishwa na seremala aliyemtangulia, na ujuzi huo ndio unaotunzwa. Hata tembe la Mgogo ni hivyo hivyo: usipokandika paa kabla ya mvua, utalala kwenye tope. Kulikandika ndiko kulihifadhi, na anayekandika anajua anachofanya kwa sababu alimwona baba yake akifanya.

Aliyechora Kolo hakumwachia mtu brashi. Wale watu wembamba warefu, vichwa vimetuna, hakuna aliye hai anayeweza kutuambia kwa hakika walikuwa nani. Ukipitisha rangi ya dukani juu ya mstari wake, umechora dhana yako na umeizika yake. Afadhali ufifie ukiwa wake.

Lipo jambo linaloninyima usingizi. Wenyeji bado wanafanya matambiko Mungomi, wanaomba mvua na uponyaji, na pombe hurushwa mwambani. Pombe inaharibu michoro, hilo halina ubishi. Lakini UNESCO ilipoiingiza Kondoa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ilizithamini pia mila hizo. Na kwa hoja yangu mwenyewe ya tembe, anayetambika ndiye fundi pekee aliyebaki pale. Niliwahi kumwomba mzee wa kimila amwage pombe chini, mbali na michoro. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, mizimu inakaa ukutani au sakafuni?"

Sikumjibu. Tangu siku hiyo sijamwomba tena, na sijui kama nimefanya sawa.