Kikundi kidogo cha vijana kanisani ni kipi hasa

Kila mwanzo wa mwaka, kanisa baada ya kanisa, hutangazwa kwamba vijana "wamegawanywa katika vikundi vidogo". Ukifuatilia unakuta daftari la majina limekatwa vipande: wa A hadi E kundi la kwanza, wa F hadi J kundi la pili, watu thelathini na kitu kila kundi, na kila kundi lina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na Jumamosi yake ya kufanya usafi. Hayo ni makundi ya zamu. Kanisa linayahitaji na wanaoyasimamia wanafanya kazi nzuri, lakini kikundi kidogo ni kitu kingine.

Kikundi kidogo ni vijana wachache, tuseme sita hadi kumi na wawili, wanaokutana watu walewale kila wiki pamoja na kiongozi wao, wakasoma Neno, wakaombeana na kujuliana hali. Ni hilo la mwisho ndilo linaloachwa, na likiachwa kinachobaki ni darasa au kamati.

Wamethodisti wa mwanzo waliligundua jambo hili bila kulipanga. Mwaka 1742, mjini Bristol, Uingereza, wafuasi wa mhubiri John Wesley, mwanzilishi wao, walikuwa wanadaiwa fedha za jengo lao la ibada. Nahodha mmoja aliyeitwa Foy akashauri kila mtu atoe peni moja kwa wiki. Alipoambiwa kwamba wengi hawana hata hiyo peni, akasema apewe kumi na mmoja walio maskini kuliko wote: atakayeweza atatoa, asiyeweza yeye atamtolea. Wakagawanywa kumi na wawili kumi na wawili, na kila kiongozi akawa anapita nyumba kwa nyumba kukusanya. Huko milangoni ndiko walikokuta mengine: huyu anagombana na mkewe, yule amelewa. Taarifa zikamfikia Wesley, naye akaona kwamba hicho ndicho alichokuwa akikitafuta siku zote, njia ya kujua watu wake wanaishije. Baadaye wakaacha kuzungukiana majumbani, wakawa wanakutana pamoja mara moja kwa wiki.

Watu kumi na wawili wa juma la kwanza, waliokusanyiwa peni tu, walikuwa orodha ya wachangiaji. Walewale, idadi ileile, walianza kuwa kikundi siku kiongozi alipojua hali ya kila mmoja na kuibeba. Kwa hiyo hata anayepunguza thelathini wakawa kumi hajamaliza kazi.

Uchache una sababu yake, na sababu hiyo utaisikia katika kusalimiana kwetu. Mwulize kijana mbele ya watu thelathini wiki yake imekwendaje. Atasimama: "Bwana Yesu asifiwe. Namshukuru Mungu nimeamka salama, naomba mzidi kuniombea." Amina, anakaa. Hajadanganya, ila hajasema kitu, na wa pili atarudia vilevile. Katika watu wanane walioketi mkekani maneno hayo yanatosha wiki ya kwanza, pengine na ya pili. Wiki ya nne kiongozi anauliza tena taratibu, "Tukuombee nini hasa?", kimya kinapita, na mmoja anasema ada haijalipwa na nyumbani hawajui kwamba amesharudishwa kutoka shuleni. Hapo ndipo maombi yanapata la kuombea. (Yanayosemwa hapo yabaki hapo, isipokuwa mtoto anapoumizwa au yuko hatarini, hilo lisifichwe, lipelekwe haraka kwa mchungaji au mlezi anayeweza kumlinda.)

Wengine husema, "Sisi tayari tuna jumuiya." Kweli, na ni hazina. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, chini ya umoja wao uitwao AMECEA, walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele chao cha kichungaji miaka ya 1970, na Walutheri nao wanasali majumbani kwa jumuiya. Lakini jumuiya hufuata mtaa na familia. Kijana wa miaka kumi na saba aliyeketi nyuma ya mama yake na majirani waliomlea hatasema pale kwamba ameanza kunywa pombe. Aende jumuiya, kisha awe na kikundi chake cha rika. Na lile grupu la WhatsApp la vijana wote, lenye mistari ya asubuhi na matangazo ya misiba, ni ubao wa matangazo, na linafaa kwa kazi hiyo.

Ombi langu kwa makatibu na walezi ni dogo. Makundi ya usafi na michango yaendelee, yaitwe makundi ya zamu. Mkitaka vikundi vidogo, msianzie kwenye daftari la majina. Anzieni kwa viongozi: mkiwa na vijana wawili waliokomaa, anzisheni viwili, wengine wasubiri hadi wasaidizi wa hao wawili waive. Na taarifa ya mwaka inapoandikwa, kabla ya kujaza idadi, mwulizeni kila kiongozi habari za asiyeonekana wiki mbili zilizopita. Akilazimika kwanza kufungua daftari amtafute ni nani, kundi lake liandikwe kwenye safu ya zamu.