Diwani haiombi halmashauri

Juzi, kwa mara nyingine, nimesikia katika taarifa ya habari ya redio hapa Tabora kwamba "madiwani wameiomba halmashauri" itengeneze vyoo vya shule vilivyobomolewa na mvua. Kosa hili lingekuwa la mtangazaji mmoja ningelinyamazia, lakini nimelisikia pia kwa madiwani wenyewe, wanaposimama mbele ya wananchi wa kata zao na kuahidi kwamba kilio hiki watakifikisha halmashauri, kana kwamba wametumwa kupeleka barua katika ofisi ya watu wengine, ilhali halmashauri ni wao wenyewe.

Halmashauri ni chombo cha maamuzi cha wilaya, mji, manispaa au jiji. Wajumbe wake ni madiwani waliochaguliwa na kata, madiwani wa viti maalumu na wabunge wa majimbo yaliyomo humo. Mkutano wao wote kwa pamoja ndio Baraza la Madiwani. Mkurugenzi ni katibu wa mkutano huo na hapigi kura, na wakuu wa idara walio chini yake ni watumishi, ambao siku hizi wamezoeleka kuitwa menejimenti.

Maneno yenyewe yanasema hivyo kwa anayeyasikiliza. Halmashauri imebeba mashauri tumboni mwake, na shauri ni jambo la watu wanaozungumza, wala halikai katika jengo wala katika gari lenye namba za serikali. Baraza, kabla halijawa mkutano, ni kile kibaraza cha mbele ya nyumba ambapo mwenyeji huketi na jirani zake. Aliyeketi hapo yuko kwake na hana mlango wa kubisha. Neno diwani ndilo lenye safari ndefu kuliko yote. Lilianzia Uajemi, likapita kwa Waarabu, na huko lilikuwa daftari, hasa daftari la serikali lililoorodhesha askari na malipo yao, kisha likawa ofisi inayotunza daftari hilo, kisha baraza la wakubwa wanaoketi katika ofisi hiyo. Mkusanyo wa mashairi nao ukaitwa diwani kwa sababu hiyo hiyo ya kuandikwa na kukusanywa pamoja, na sisi tumeirithi maana hiyo mpaka leo. Katika pwani ya Mrima, karne ya 19, diwani alikuwa tayari ni mtu, mtawala wa mji, na katika Kiswahili cha serikali za mitaa maana hiyo ya mtu ndiyo iliyobaki. Kwa hiyo katika safari yote hiyo, tangu karatasi hadi mtu, sioni mahali ambapo diwani aliwahi kuwa mwombaji.

Kinachonishangaza ni kwamba kijijini kosa hili halipo. Nenda Urambo au Sikonge, uliza halmashauri ya kijiji ni nani, nawe utatajiwa majina ya wajumbe, ambao kwa sheria hawapungui 15 wala hawazidi 25. Hakuna atakayekuonyesha ofisi ya mtendaji wa kijiji. Vivyo hivyo, tukisema Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ilipitisha Azimio la Arusha mwaka 1967, kila mtu anaelewa kwamba waliopitisha ni wajumbe. Ni pale tu neno linapopanda hadi wilaya au manispaa ndipo watu wanapotoweka na kubaki jengo. Nadhani chanzo kimojawapo ni historia: mwaka 1972 mamlaka za serikali za mitaa zilifutwa, na mpaka ziliporudishwa kwa sheria za mwaka 1982, wilaya ilikuwa ya maofisa. Tena mkurugenzi huteuliwa na Rais, si na madiwani, na mwananchi huona wazi ni nani mwenye muhuri.

Hata hivyo tofauti hii si ya wapenda sarufi peke yao. Kila robo ya mwaka madiwani huwasilisha taarifa za kata zao barazani, na humo ndimo zinamopita habari za zahanati isiyo na mganga, au za ushuru wa tumbaku ambao wakulima hawaoni umefanya nini. Diwani anayedhani anaomba husema kwa uchungu, hupigiwa makofi, huketi. Diwani anayejua kwamba yeye ndiye halmashauri huitoa kero hiyo kama hoja, hutafuta wa kumuunga mkono, husubiri azimio, kisha huhakikisha limeingia katika muhtasari, kwa sababu mkutano ujao utafungua muhtasari huo na kuuliza yatokanayo, yaani yaliyoazimiwa yamefikia wapi, na kisichoandikwa hakina yatokanayo. Hapo ndipo lile daftari la kale linaporudi mkononi mwake.

Kuna mahali ambapo kuomba ni neno la haki kabisa. Barabara za wilaya zimo mikononi mwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017, na maji ya vijijini yamo kwa RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Mameneja wao hualikwa barazani na kuulizwa, lakini hawako chini ya mkurugenzi. Ingekuwa ile habari ya redio ni ya daraja, ningekubali kwamba madiwani wameomba, ila wangekuwa wameiomba TARURA.

Vyoo vya shule ya msingi ni vya halmashauri yenyewe. Basi, ndugu mtangazaji, kama madiwani walikubaliana kweli juu ya jambo hilo, tusomee hivi: "Halmashauri imemwagiza mkurugenzi atengeneze vyoo vya shule." Na kama waliishia kulalamika tu, sema walilalamika.