Mkimbiaji wa Milimani Hakimbii Njia Nzima

Miongoni mwa vijana wanaofanya mazoezi ufuoni Shela, hapa Lamu, imeenea dhana kwamba mashindano ya milimani ni marathoni iliyowekewa vilima, na kwamba anayetembea amekwisha kushindwa. Dhana hiyo si sahihi.

Mwaka 2022 Kilian Jornet wa Hispania alishinda UTMB, mbio za takriban kilomita 170 zinazouzunguka mlima Mont Blanc na zenye jumla ya mpando wa mita 10,000 hivi, kwa muda wa saa 19 na dakika 49. Wastani huo haufiki kilomita 9 kwa saa, mwendo ambao wengi wetu tunaumudu mchangani, ijapokuwa si usiku kucha. Sababu ni kwamba kwenye mpando mkali kutembea hutumia nguvu kidogo kuliko kukimbia kwa kasi ileile, kwa hiyo hata bingwa hutembea, mara nyingi akijisukuma kwa fimbo mbili.

Katika safari ndefu za vilele jambo hili huonekana zaidi: mwaka 2024 Jornet alipanda vilele 82 vya milima ya Alps, Ulaya, vinavyozidi mita 4,000 kwa siku 19, akivuka baina yake kwa miguu na baiskeli, bila gari. Kasi hasa huonekana kwenye mteremko. Karl Egloff, mkimbiaji mwingine wa milimani, mwaka 2014 aliupanda Kilimanjaro kwa karibu saa 5, akashuka kwa chini ya saa 2.