Je, wajua kwa nini bendi kongwe za roki za Marekani hupiga kwenye maonyesho ya wakulima?

Jioni ya Agosti, kaunti moja ya wakulima huko Iowa, jimbo la bara la Marekani. Banda la nguruwe liko hatua mia moja tu kutoka jukwaani, na upepo ukigeuka, utajua. Watoto waliovaa fulana za 4-H, chama cha vijana wa vijijini, wanawarudisha ndama zizini baada ya kuwaosha. Bibi mmoja amekunjua kiti chake cha kubeba, chupa ya limonadi ameilaza kwenye nyasi, na kifuani ana fulana nyeusi iliyopauka, ya ziara ya bendi ya mwaka 1981. Taa zinawaka. Mpiga dramu mwenye mvi anagonga vijiti mara nne, gitaa linaingia, na kabla mwimbaji hajafungua mdomo watu wameshasimama. Wimbo wanaujua.

Bendi za namna hii ziliwahi kujaza viwanja vya michezo. Imekuwaje leo zikapiga kati ya ng'ombe na soseji za kijiti? Wengi hujibu haraka: zimeishiwa. Mimi nasema jibu hilo linawaonea wanamuziki hawa, na wakulima pia. Ukifuatilia pesa, sheria na historia ya maonyesho yenyewe, utaona kwamba bendi na maonyesho vinahitajiana, na kwamba bendi nyingi kati ya hizi zilizaliwa hukohuko mashambani.

Tuanze na maonyesho. Kwa aliyezoea Nanenane, picha si ngeni: mifugo, mbegu, matrekta, mashindano ya maboga. Ya Marekani yana umri mkubwa. Mwaka 1807 bwana mmoja aitwaye Elkanah Watson aliwaleta kondoo wawili wa merino katika uwanja wa mji wa Pittsfield, Massachusetts, watu wawatazame manyoya yao. Watu wakaja wengi kuliko alivyotarajia, naye akajifunza kwamba mkulima yuko tayari kufunga safari kwa ajili ya kutazama. Miaka michache baadaye akaanzisha chama cha kilimo chenye maonyesho ya kila mwaka, na mtindo huo ukaenea. New York ilifanya maonyesho yake ya kwanza ya jimbo mjini Syracuse mwaka 1841, Iowa ikafuata mwaka 1854. Leo Iowa ina kaunti 99, na karibu kila moja ina maonyesho yake ya kiangazi, mbali na yale makubwa ya jimbo pale Des Moines ambako ng'ombe mzima huchongwa kwa siagi na kuwekwa ndani ya kabati la barafu.

Lakini kondoo hawatoshi. Mwandaaji wa maonyesho ana tatizo ambalo halijabadilika tangu enzi za Watson: mchana watu wanakuja kuona mifugo, jioni wanarudi nyumbani kukamua. Utawabakizaje mpaka usiku, wale, wanywe, wapande bembea? Ndiyo maana viwanja hivi vilijengewa majukwaa makubwa ya watazamaji, yakitazama njia ya mbio za farasi. Baada ya farasi zikaja mbio za magari. Mwaka 1896 pale Iowa waliweka reli uwanjani, wakayaachia magari-moshi mawili yagongane uso kwa uso mbele ya umati. Wakarudia tena mwaka 1932, na safari hiyo magari-moshi yaliandikwa majina ya wagombea wa urais wa mwaka ule, Hoover na Roosevelt. Ukishajua habari hiyo, bendi ya roki yenye spika kubwa haikushangazi tena. Imekalia kiti kilekile kilichowahi kukaliwa na magari-moshi.

Hata umbali wa jukwaa una asili yake humo. Katika viwanja vingi utajiuliza kwa nini wanamuziki wako mbali hivyo na viti vya nyuma. Ni kwa sababu kati yao na viti ipo njia ya mbio. Siku hizi njia hiyo hujazwa viti vya plastiki au huachwa watu wasimame, na wanaosimama hurudi nyumbani viatu vimejaa vumbi la farasi na magari.

Sasa bendi zenyewe. Tazama zilikotoka. Cheap Trick ni ya Rockford, Illinois. Kansas ni ya Topeka, jimbo la Kansas. Styx ni ya Chicago. Grand Funk Railroad ilitoka Flint, Michigan, mji wa viwanda vya magari, na mwaka 1971 ilimaliza tiketi zote za uwanja wa Shea kule New York kwa saa 72. Hawa si watu wa pwani za Marekani waliotupwa bara na uzee. Ni vijana wa bara waliokwenda mbali wakarudi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni REO Speedwagon. Ilianzishwa mwaka 1967 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois, katika mji wa Champaign ambao pande zote umezungukwa na mahindi na soya. Jina walilipata darasani: mpiga kinanda wao, Neal Doughty, alilikuta limeandikwa ubaoni kwenye somo la historia ya usafirishaji. REO Speed Wagon kilikuwa kilori chepesi kilichoanza kutengenezwa mwaka 1915 na kampuni ya Ransom Eli Olds kule Lansing, Michigan, na herufi REO ni vifupisho vya majina yake. Bendi iliyochukua jina la kilori cha mizigo ilizunguka kwa miaka mingi katika baa za wanafunzi na kumbi za miji midogo ya bara kabla nchi nzima haijaisikia. Kisha mwishoni mwa 1980 wakatoa albamu ya Hi Infidelity, na mwaka 1981 ikakaa namba moja Marekani kwa wiki 15. Miaka ilipopita wakawa miongoni mwa majina yaliyozoeleka sana kwenye maonyesho ya kiangazi, mpaka waliposimamisha ziara mwishoni mwa 2024. Mtu anayeona hapo kuna anguko hajatazama ramani.

Turudi kwenye pesa, maana hapa ndipo penye jibu ambalo wengi hawalijui. Washa redio yoyote ya roki ya zamani Marekani, na nyimbo hizi utazisikia mchana na usiku. Msikilizaji hudhani kila unapopigwa wimbo, bendi inalipwa. Sivyo. Kwa sheria ya Marekani, redio ya kawaida ya masafa ya hewani humlipa mtunzi wa wimbo na mchapishaji wake. Aliyeuimba, aliyepiga gitaa, aliyepiga dramu hawapati kitu kwa wimbo kupigwa redioni. Redio za kidijiti ndizo zinazowalipa, tena kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1995. Kwa hiyo ndani ya bendi moja anaweza kuwapo mtunzi anayepokea hundi kila robo mwaka, na mwenzake aliyepiga gitaa lile lile linalowasisimua watu miaka 45 baadaye akawa hapati chochote. Huyo wa pili kipato chake kiko jukwaani. Asipopanda jukwaani, hali.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu watu huwacheka wazee hawa kwamba hawataki kustaafu. Mkulima wa miaka 70 akiwa bado shambani anasifiwa. Mpiga besi wa umri huohuo anaambiwa hajui wakati wake umepita.

Maonyesho nayo yana raha yake kibiashara. Katika ukumbi wa kawaida bendi na promota hutegemea tiketi. Ukumbi ukiwa mtupu, kila mtu ameumia. Kwenye maonyesho, bendi kwa kawaida huahidiwa malipo maalumu kwa mkataba uliosainiwa miezi mingi kabla, hata wasipokuja watu wengi. Waandaaji wanaweza kuahidi hivyo kwa sababu hawategemei muziki peke yake: kuna kiingilio cha geti, maegesho, wadhamini, vibanda vya chakula na bembea. Mahali pengine, kama pale Syracuse, tamasha ni bure kwa aliyekwisha kulipa getini. Kwingine, kama Minnesota, jukwaa kuu lina tiketi zake. Minnesota peke yake ilipokea watu zaidi ya milioni 2.1 kwa siku 12 za mwaka 2019. Sehemu ndogo tu ya umati huo ikisogea jukwaani, uwanja umejaa.

Na wanaosogea ni akina nani? Aliyekuwa na miaka 17 mwaka 1977 leo amevuka 60. Mkopo wa nyumba ameumaliza, wajukuu anao, na pesa ya kuwanunulia soseji iliyokaangwa kwenye unga wa mahindi anayo. Watafiti wa kumbukumbu wamegundua kwamba mtu mzima hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya miaka yake kati ya 10 na 30. Wimbo ulioupenda wakati huo hukaa mahali ambapo wimbo wa mwaka jana haufiki. Wajukuu nao wameusikia kwenye gari la babu. Ndiyo maana mwandaaji anayetaka familia nzima ibaki hadi saa nne usiku huchagua bendi ya zilipendwa badala ya msanii anayevuma kwa vijana pekee.

Kuna swali ambalo shabiki makini huuliza akiwa amekaa pale: hawa jukwaani ndio wenyewe? Mara nyingi jibu ni kwa sehemu. Jina la bendi ni mali inayosajiliwa kama alama ya biashara, na mwenye jina ndiye mwenye bendi machoni pa sheria. Grand Funk Railroad ya sasa ina mpiga dramu Don Brewer na mpiga besi Mel Schacher wa tangu mwanzo, lakini mwimbaji wao wa kwanza, Mark Farner, hayupo. Bendi ya Lynyrd Skynyrd ilipoteza watu kwenye ajali ya ndege ya Oktoba 20, 1977, na mpiga gitaa wao Gary Rossington alipofariki Machi 2023, wa mwanzoni wakawa wamekwisha. Jina bado linasafiri. Bendi ya Journey walimpata mwimbaji Arnel Pineda mwaka 2007 kwa kumtazama YouTube akiimba nyimbo zao huko Ufilipino. Binafsi sioni ubaya, mradi watu waambiwe ukweli. Bendi ikidumu nusu karne bila kubadilisha mtu, huo ni muujiza. Sisi wenyewe tumeziona bendi zetu za dansi zikivuka vizazi, mpuliza tarumbeta akiondoka na mwanafunzi wake akishika chombo.

Sauti nayo huzeeka, na hapo utaona ufundi. Koo la miaka 70 halifiki juu lilikofika la miaka 25. Basi magitaa hulegezwa nyuzi, wimbo wote ukashuka nusu hatua au hatua nzima, na msikilizaji wa kawaida hagundui. Kiitikio kilichokuwa cha mtu mmoja kinagawanywa: mpiga kinanda anachukua sauti ya juu, mwimbaji anakaa chini yake. Na ile sehemu ngumu kabisa, mwimbaji anawaelekezea watu maikrofoni. Mara nyingi bendi huja kwa ndege ikiwa na magitaa yake tu. Spika, dramu na vinanda vinakodiwa palepale, na baada ya kujaribu vyombo mchana wana muda mfupi wa kuzoea jukwaa ambalo hawajawahi kulikanyaga.

Jukwaa lenyewe siku hizi linasimamiwa kwa ukali, na sababu yake ni ya kusikitisha. Agosti 13, 2011, kwenye maonyesho ya jimbo la Indiana, upepo wa dhoruba uliangusha paa la jukwaa la muda juu ya watu waliokuwa wakisubiri tamasha. Watu 7 walipoteza maisha. Kwa hiyo ukiona onyesho limesimamishwa kwa radi iliyo mbali, ukaambiwa ukimbilie chini ya jukwaa la watazamaji au kwenye gari lako, usinung'unike. Nenda.

Kwa ndugu zetu wanaoishi Des Moines na miji ya jirani, ambako Kiswahili kinasikika viwandani na makanisani, maonyesho ya kiangazi hayako mbali na nyumbani. Nendeni mchana mkaone mifugo kwanza, kwa sababu huenda mabanda yakafungwa mapema. Bebeni viziba masikio vya watoto. Kisha, jioni ikifika, msigombanie kusimama mbele kabisa chini ya spika. Tafuteni ile meza yenye vitufe na taa ndogo katikati ya uwanja, anapokaa fundi mitambo, mkae nyuma yake. Muziki wote huchanganywa kwa masikio ya mtu yule, na pale alipo ndipo gitaa, dramu na sauti ya mzee husikika kama alivyokusudia.