Msitu tunauogopa, maji tunayadharau: uongo tunaoambiana kuhusu matembezi karibu na Nairobi

Wikendi ikikaribia utaskia watu wakipanga kutoka, na kila wakipanga lazima kuna mmoja kwa grupu ya WhatsApp atatuma voisi ndefu kueleza kwa nini haiwezekani, kule kuna wezi, kule ni kwa wazungu, kule bila gari lako usijaribu. Halafu huyo huyo mwezi ujao unaona picha zake, yuko Naivasha jua linazama, amesimama kwa majani ukingoni mwa ziwa na kiboko yuko nyuma yake hapo karibu. Nimezunguka hizi sehemu miaka mingi na kuna kitu kinanisumbua kweli, tunaogopa visivyo na shida na tunacheza na vile vinaua. Wacha niyataje yale ninayoskia kila mara.

"Karura ni kwa wezi na maiti"

Hii ilikuwa ya mamangu kabisa. Alikuja Nairobi miaka ya themanini na kwake Karura, huu msitu wa hapa Nairobi, lilikuwa jina la kunyamazisha watoto, na sio ati alikuwa anadanganya, enzi hizo watu waliporwa humo na miili iliokotwa. Lakini hiyo ni Karura ya zamani. Saa hii msitu wenyewe ni zaidi ya hekta 1,000, umezungushiwa ua wa umeme, kuna walinzi wanazunguka, na tangu 2011 familia zinaingia na watoto na baiskeli, hata mbwa bora awe na kamba. Mwaka jana nikamchukua mama Jumamosi asubuhi, tukapanda matatu ya Ruaka tukashuka pale geti la Limuru Road. Nusu saa ya kwanza alikuwa amebana mkoba kwapani na kila mtu wa kukimbia akipita yeye anageuka. Kufika kwa maporomoko akakaa juu ya mzizi, akavua viatu, akamimina chai kwa kifuniko cha flaski, akaniuliza, "Na hii yote walitaka kujenga manyumba?" Nikamwambia ndio mama, Januari 1999 Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, na wenzake walikuja hapa kupanda miche wakapigwa na wahuni mpaka yeye akatoka damu kichwani. Mama akanyamaza. Baadaye njia yote ya kurudi alikuwa anagusa miti tu akipita.

Na hii inanigusa sana, maana watu wengi wanadhani bustani za jiji ziko tu zenyewe, ziliwekwa na serikali basi zitakuwepo milele. Hapana. Uhuru Park 1989 ilikuwa iwekwe jumba la ghorofa 60 juu yake, ni Maathai huyo huyo na watu waliomuunga mkono walikataa, la sivyo leo hakuna nyasi ya kulalia pale.

"Ni kwa watu wa pesa na magari"

Jeevanjee Gardens iko katikati ya tao tangu 1906, unaingia na kiatu chako tu. Arboretum ni ada ndogo, na imekuwepo tangu 1907, miti ya aina mia tatu na zaidi, unaweza kutembea na miguu kutoka tao. Hata Hell's Gate huhitaji gari: panda matatu ya Naivasha pale Nyamakima, tao, ukifika Naivasha mjini chukua zile za Kongoni zinazopita barabara ya ziwa, shuka kwa njia ya kuingia geti, kodi baiskeli, ingia. Ni moja ya mbuga chache za Kenya ambapo unaruhusiwa kuendesha baiskeli na kutembea kwa miguu katikati ya pundamilia, ngiri na twiga. Kitu kinachowaangusha watu sio nauli, ni kufika na pesa mkononi na kuambiwa keshi hawachukui, ni kulipa kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, sasa mko watu kumi getini mtandao hauna nguvu na wengine hata hawajui walisahau kitambulisho. Lipa ukiwa nyumbani, na kitambulisho ubebe, maana ndicho kinaonyesha wewe ni wa bei ya mwananchi.

"Ukilisha kima umefanya jambo jema"

City Park hii ndio nyimbo ya kila Jumapili, watu wananunua njugu na ndizi, kima anapanda begani, mtoto anacheka, picha. Mimi nimeona mtoto wa kama miaka minne ameshika kipande cha chapati, hakuwa anampa mtu, alikuwa anakula yake, kima akashuka na kukivuta na kucha zikabaki kwa mkono wa mtoto mistari mitatu nyekundu. Huyo mnyama hakuwa na ukali wowote. Alikuwa amefundishwa kwamba mkono wa binadamu ni sahani, na waliomfundisha ni sisi. Na kama ameng'ata au amekwaruza usisubiri, osha na maji mengi na sabuni kama dakika kumi na tano halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ueleze ni mnyama, wao ndio wataamua kama ni chanjo ya kichaa cha mbwa.

"Maziwa yote ya Bonde la Ufa ni ya chumvi"

Naivasha ni maji baridi, na Baringo pia. Magadi, Elementaita, Nakuru, Bogoria ndio yenye magadi. Naivasha haina mto unaotoka juu ya ardhi lakini maji yake yanapenya chini kwa chini, ndio maana chumvi haikai.

"Kiboko anakula nyasi, hana neno"

Sasa hapa ndio naomba usome polepole. Ni kweli anakula nyasi. Lakini hizo nyasi anazila usiku nchi kavu, anatoka majini jioni na kurudi alfajiri, kwa hivyo ule ukingo mzuri wa picha wakati jua linazama ndio mlango wake wa kutokea. Ukisimama kati yake na maji yeye haoni mtalii, anaona njia imezibwa, na ana zaidi ya tani moja na anakimbia kukushinda. Mwaka 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa hivyo hivyo Naivasha akipiga picha ukingoni. Tena saa hii hali ni mbaya kuliko zamani, maana tangu 2020 hivi ziwa limepanda sana, limemeza ukingo wote wa malisho, lilifika mpaka nyumba za watu Kihoto, na ile migunga unaona imekauka ikiwa imesimama ndani ya maji ilikuwa nchi kavu. Kiboko naye anasukumwa kwa binadamu.

Kwa boti pia. Siku moja nahodha wetu alizima injini ghafla, sisi hatuoni kitu, yeye anaangalia maji tu. Baadaye yakatokea masikio mawili, yakatikisika, halafu macho, halafu pumzi kama gurudumu limetobolewa. Akatuambia kiboko haogelei vile tunafikiria, anatembea chini kwa matope na anaweza kukaa huko dakika tano, kwa hivyo ule umbali unaouona juu ya maji sio umbali. Kwa boti hiyo kulikuwa na kijana amefunga jaketi ya kuokolea maisha kiunoni kama sweta, ati anajua kuogelea. Nahodha hakuwasha injini mpaka akaivaa na kufunga kamba zote. Ukipata nahodha wa namna hiyo chukua namba yake, na ukipata yule wa kuongeza watu wawili mwisho mwisho boti ikiwa imejaa, shuka, hata kama umeshalipa.

Ile ya "kukiwa na mawingu jua halichomi" nitaigusa tu: Nairobi iko karibu na ikweta na juu ya mita 1,600, Ngong Hills kileleni ni mita 2,460, jua linachoma hata Julai kukiwa na baridi na mawingu. Beba kofia na sweta zote mbili. Chupa za plastiki za kutumia mara moja acha nyumbani, zimepigwa marufuku kwa mbuga na misitu ya hifadhi tangu 5 Juni 2020.

"Korongo limekauka, hakuna mvua, tushuke"

Lile korongo la Hell's Gate ni zuri, kuta zimechongwa na maji zinapinda pinda, mahali pengine zimebana unaona mbingu kama utepe, na chini ni mchanga mkavu. Mtu anaangalia juu, anga ni buluu, anasema twende. Lakini maji yanayopita hapo hayanyeshi hapo, yananyesha milimani mbali halafu yanakuja yote pamoja kwa njia nyembamba, na ukiwa ndani hakuna pa kupanda. 2012 yaliwabeba vijana wa kanisa waliokuwa matembezi, 2019 tena yakabeba watu, na kila mara walikufa watu saba. Kwa hivyo renja akisema leo hakuna kushuka, hakuna kushuka, usimbembeleze na usimtafutie chai.

Sisi tulirudishwa mara moja, tulikuwa tisa, na mmoja wetu alinuna vibaya sana maana alitoka Kayole saa kumi usiku kwa sababu ya hilo korongo. Tukaendesha baiskeli zetu pale juu, tukakaa kivulini tukala viazi na mayai. Kama saa nane tukaskia sauti kama lori linapanda mlima, tukadhani ni lori. Yalikuwa maji yanapita kule chini, ya rangi ya udongo, na matawi mazima ndani. Na pale tulipokaa halikuwa limeanguka hata tone.